Mkono wa Mchoraji Nao Husali

Katika makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki, mtu akisifiwa kuwa amemtumikia Mungu, watu hudhani mara moja kuwa alihubiri, au aliimba, au alitoa sadaka, au aliwatembelea wagonjwa. Ni nadra kusikia akitajwa fundi wa kuchora. Huyo huhesabiwa pamoja na wapaka chokaa: ameitwa, amefanya kazi, amelipwa au hakulipwa, akaenda zake. Picha hubaki ukutani na jina lake husahauliwa. Tena wako Wakristo wema ambao wakiona picha kanisani huingiwa na shaka, wakikumbuka kwamba Amri za Mungu zakataza sanamu. Basi swali ni hili: je, mtu asimamaye siku nzima mbele ya ukuta, brashi mkononi, aweza kusemwa kuwa yumo katika ibada? Au yumo katika kazi kama kazi nyingine, na pengine katika hatari?

BESALELI NA NYOKA WA SHABA

Jibu lapatikana katika kitabu kile kile chenye amri hiyo. Katika Kutoka, sura ya 20, Waisraeli wakatazwa kujifanyia sanamu na kuzisujudia. Lakini hazijapita sura nyingi, katika sura ya 25, Musa aamriwa kuweka makerubi mawili ya dhahabu juu ya sanduku la agano. Na katika sura ya 31 aambiwa jina la fundi atakayeisimamia kazi yote ya hema, yaani Besaleli mwana wa Uri, wa kabila ya Yuda, pamoja na msaidizi wake Oholiabu. Besaleli huyu ni miongoni mwa watu wa kwanza katika Biblia wanaotajwa kuwa wamejazwa roho ya Mungu, naye hakuwa nabii wala mfalme. Alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na miti. Alipewa roho kwa ajili ya ustadi wa mikono yake.

Kwa hiyo amri ile haikukataza ustadi. Ilikataza watu kuipigia magoti kazi ya ustadi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa nyoka wa shaba. Musa alimfanya jangwani kwa agizo la Mungu, na walioumwa wakamtazama wakapona. Nyoka yule alihifadhiwa kwa vizazi vingi, hata watu wakaanza kumfukizia uvumba. Ndipo mfalme Hezekia alipomvunja vipande vipande. Shaba ilikuwa ile ile siku alipofanywa na siku alipovunjwa. Kilichogeuka ni mioyo ya watazamaji.

Kanisa lenyewe liligawanyika sana kwa jambo hili. Katika karne ya nane wafalme wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu ziondolewe na kuharibiwa, na waliozitetea wakateswa. Yohana wa Dameski, mtawa aliyekaa karibu na Yerusalemu, aliandika kuwajibu. Alisema kwamba Mungu asiyeonekana hawezi kuchorwa, lakini akiisha kuzaliwa mwanadamu, mwenye uso na mikono, uso huo waweza kuchorwa. Na kwamba heshima ipewayo picha humwendea yule aliyechorwa, wala haiishii katika mbao na rangi. Mwaka 787 mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Nikea ulikubali mafundisho hayo. Madhehebu mengine hata leo hayapendi picha kanisani, nayo yana sababu za kuheshimiwa. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba jambo hili halikupimwa.

WAHABESHI WALITANGULIA

Wala mtu asidhani kwamba kuchora kwa ajili ya Mungu kuliletwa Afrika na meli za wamisionari. Wahabeshi wamechora makanisani mwao kwa karne nyingi, na mara nyingi wachoraji walikuwa watawa na makasisi. Mfalme Zara Yakobo, aliyetawala kutoka mwaka 1434 hata 1468, alihimiza sana picha za Bikira Mariamu zitumike katika ibada, na katika siku zake mtawa mmoja, Fre Seyon, alipata sifa kubwa kwa kumchora Mariamu na Mtoto wake juu ya mbao zilizopakwa lipu nyembamba nyeupe. Tena Wahabeshi walikuwa na desturi yenye mafundisho: mtu mwema walimchora akikabili mbele, macho yote mawili yakionekana, mtu mwovu walimchora kwa upande, jicho moja tu likionekana. Hata asiyejua kusoma alijua amtazame nani na ajihadhari na nani.

Lakini katika nchi nyingine za Afrika, injili ilikuja pamoja na picha zilizopigwa chapa Ulaya. Watoto walijifunza habari za Yesu kwa picha za mtu mweupe mwenye nywele za rangi ya dhahabu, akitembea katika mashamba ya Ulaya. Picha zile zilitolewa kwa upendo, nazo zilisaidia wengi. Hata hivyo ziliacha fundisho moja ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha: kwamba mambo ya Mungu yalitendeka mbali, kwa watu wengine, na Mwafrika alikuwa mtazamaji tu.

Wako waliolitambua kosa hilo mapema. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, akawahimiza wanafunzi wake wachore habari za Biblia kwa macho yao wenyewe. Karibu na Bulawayo, Kanon Edward Paterson alianzisha shule ya Cyrene, akaipa jina la mji wa yule Simoni wa Afrika aliyeubeba msalaba wa Bwana. Wavulana wa shule ile waliipamba kanisa yao kwa picha, ndani na nje, wakaweka humo watu wa Afrika na miti ya kwao. Mmoja wao, Sam Songo, alikuwa mlemavu wa miguu. Huyo alichora na kuchonga, na baadaye akawa mwalimu wa wengine. Mtu ambaye wengi wangemhurumia kwa asichoweza aliitwa kumtolea Mungu anachoweza.

KUTA ZA MURANG'A

Hapana mahali jambo hili lilipopimwa kwa uchungu zaidi kuliko Fort Hall, mji uitwao sasa Murang'a. Huko lilijengwa Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Dakta Geoffrey Fisher, nchi ikiwa bado katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952.

Aliyeitwa kuzichora kuta zake ni kijana Mchagga, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere. Alichora picha kubwa tano: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na Kusulibiwa. Kazi ilimalizika mwaka 1959. Katika picha zote hizo Yesu ni Mwafrika, na walio karibu naye ni Waafrika, na nchi inayoonekana ni nchi ya milima na mabonde, kama ile aionayo Mkristo wa Murang'a atokapo kanisani.

Yafaa kufikiri maana ya tendo hilo mahali pale na wakati ule. Watu walioingia kanisani humo walikuwa na makaburi mapya. Kiapo kilikuwa kimezigawanya nyumba, ndugu huku na ndugu kule. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka waliokufa kwa kukataa kiapo. Lakini katika wilaya ile ile walikuwako pia wajane ambao waume zao walifia msituni, na akina mama ambao wana wao walikuwa kizuizini. Jiwe la kumbukumbu halikuwataja. Mchoraji angeweza kuchora maua na malaika, asimguse mtu. Angeweza kunakili picha za Ulaya, na kila mtu angemwona Kristo akiteswa na wageni wa zamani katika nchi ya mbali.

Lakini Yesu akiwa Mwafrika, na nchi ikiwa ni milima ile ile, hapabaki mgeni wa kutwikwa lawama. Waliolala usingizi Gethsemane ni majirani. Aliyekula mkate mezani akatoka kwenda kumsaliti Bwana wake ni mtu wa nyumba moja na wenziwe. Na mama asimamaye karibu na msalaba aweza kuwa mama yeyote wa Murang'a aliyepoteza mwana, awe mwana yule alikufa upande huu au upande ule. Ukuta ulisema jambo ambalo mhubiri angeona vigumu kulisema kwa maneno mwaka ule: kwamba Kristo alikufa katika nchi hii, kati ya watu hawa, na wote wamhitaji. Hapo ndipo picha inapokuwa ibada. Imesema kweli mbele ya Mungu, kama vile mtu asemavyo kweli katika maungamo.

KUIGA NA KUTOA

Mwaka 1965 Njau na wenzake walifungua Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa, jina linalomtaja mnyama paa apaaye juu. Mafundisho yake yaliyojulikana kuliko yote yalikuwa juu ya kuiga: alionya kwamba anayenakili kazi ya mwingine ni kama anamlaza Mungu usingizi. Maneno hayo ni makali, lakini yana mizizi katika imani. Ikiwa Mungu ni Mwumbaji, na ikiwa amempa kila mtu macho yake, basi mwenye kunakili amrudishia Mungu macho ya mtu mwingine na kuyafukia aliyopewa mwenyewe, mfano wa yule mtumwa wa Injili aliyeifukia talanta ya bwana wake. Moto uliiteketeza nyumba ile mwaka 1997, na kazi nyingi zikapotea. Hata hivyo ilijengwa tena, kwa maana jambo waliloliamini halikuwa ndani ya kuta.

Lakini kutoiga hakutoshi. Mtu aweza kuchora kitu kipya kabisa kwa ajili ya sifa zake mwenyewe. Uchoraji huwa sala kwa mambo yale yale yaifanyayo sala kuwa sala. Kwanza ni kutulia na kutazama. Achoraye mkono wa mwombaji hana budi kuutazama mkono wa mwombaji, mishipa yake na makunyanzi yake, muda mrefu kuliko wapita njia wote; na kumtazama mtu hivyo ni mwanzo wa kumpenda. Pili ni uvumilivu. Ukuta haupendi haraka: lipu isipokauka vema, rangi hubambuka; mchoro mdogo wa karatasi usipopimwa kwa miraba kabla ya kukuzwa, mwili wa mtu hupotoka. Tatu ni kukubali kusahauliwa. Mwenye kuchora juu ya jukwaa la kanisa ajua kwamba kazi ikiisha watu watamtazama Kristo, wala hawatamtazama yeye. Akiridhika na hilo, ametoa sadaka. Akichukizwa nalo, bado ana la kuombea.

WAJIBU WA KANISA

Ibada hii si ya mchoraji peke yake. Kuna makanisa yanayonunua kwa fedha nyingi picha zilizopigwa chapa ng'ambo, huku kijana stadi wa mtaa uo huo akichora matangazo ya maduka ili apate chakula. Wazee wa kanisa wakimwita, mara nyingi humwambia kuwa kazi ya Mungu haina malipo, hali saruji na mabati walilipia bila kulalamika. Kufanya hivyo ni kumdhulumu mtu kwa jina la Mungu. Rangi hununuliwa, na mchoraji ana watoto. Akitaka mwenyewe kuitoa kazi yake kuwa sadaka, na apewe shukrani. Lakini sadaka ya mtu haiwezi kuamuliwa na wengine katika mkutano asipokuwapo.

Kisha kazi ikiisha, na itunzwe. Paa linalovuja laweza kuharibu katika misimu michache ya mvua kile kilichofanywa kwa miaka. Na wenye kuabudu nao wana sehemu yao, ambayo ni kumkumbuka Hezekia. Wakianza kudhani kwamba picha yenyewe yaponya, au kwamba haiwezi kuguswa hata ikipotosha, wamemfukizia nyoka uvumba. Lakini wakiitazama na kukumbuka kwamba Bwana alikuwa na uso, na kwamba uso wa jirani aliyeketi kando yao wafanana nao, picha imetimiza kazi yake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wengi wenye ustadi huu wamechoka kucheza kwao bila kutunzwa, wamekwenda kuwachorea watalii simba na machweo. Wasilaumiwe kabla Kanisa halijajiuliza lini mara ya mwisho liliwapa ukuta.