Tusilee Pamoja Watoto Wawili wa Mbwa wa Tumbo Moja

Watu wengi husema ya kwamba mtu akitaka mbwa wa kulinda nyumba, heri achukue watoto wawili wa tumbo moja, ili wafarijiane usiku wasimsumbue kwa kilio. Mimi pia niliamini hivyo. Sasa siamini tena, na kwa kuwa wazazi wengi wasomao gazeti letu hufuga mbwa, naomba nieleze sababu zangu.

Mwezi wa Desemba 2023 baba alileta nyumbani kwetu, Moshi, watoto wawili wa mbwa, madume, wenye umri wa majuma manane. Tuliwaita Simba na Tomi. Walilala banda moja, wakala sufuria moja, wakacheza mchana kutwa, na majirani wakatusifu. Januari nilirudi shuleni, nikamwachia mdogo wangu kazi ya kuwafunza.

Niliporudi Juni nilikuta mbwa wawili wakubwa wasiomjali mtu. Sisemi walikuwa wakali. La, walijuana wao kwa wao tu. Ukimwita Simba, hageuki mpaka Tomi ageuke, naye Tomi hageuki kwa kuwa hakuitwa! Kosa lilikuwa letu. Mama alizoea kuwaita kwa pumzi moja, "Simbatomi!", basi hata mmoja hakujua jina lake. Tena Simba alikuwa mbele siku zote, na Tomi akijificha nyuma yake. Pikipiki ikipita alitetemeka. Sisi tulidhani ni upole.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mtoto wa mbwa hupata akitimiza miezi mitatu, hawakuipata, maana hapakuwa na mtu aliyeweza kuwashika. Bwana mifugo alipokuja mtaani mwezi ule wa Juni, tulimfunga Simba nyumbani, na mdogo wangu akamwongoza Tomi peke yake. Hawakufika mbali. Tomi alipoona nduguye hayupo alirukaruka kama aliyeungua, akamng'ata mdogo wangu mkononi.

Ugonjwa huo dalili zake zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, kisha baba akamkimbiza hospitali, akaanza kuchomwa sindano. Jioni baba alisema mbwa wote wawili wauawe. Sikumlaumu, yeye ndiye aliyekesha na mtoto.

Walakini bwana mifugo aliagiza Tomi afungwe mbali na nduguye na kuangaliwa kwa siku 10. Nilimsukumia chakula kwa fimbo, nikikaa mbali. Siku tatu za kwanza alilia tu. Siku ya sita nilipotaja jina lake aliinua masikio akanitazama. Sikumbuki kama alipata kunitazama kabla ya siku hiyo. Siku 10 zilipokwisha alikuwa mzima, wote wawili wakachanjwa, na baba akanipa nafasi mpaka mwisho wa likizo.

Nikawatenga: kila mmoja banda lake, sufuria yake, na matembezi yake. Simba nilimfunza asubuhi kwa dakika 10, Tomi jioni, kwa vipande vya dagaa. Waliruhusiwa kucheza pamoja baadaye, kwa muda mfupi. Simba alijifunza upesi. Tomi bado huogopa pikipiki, na sidhani kama ataacha, maana majuma ya kwanza ya maisha ndiyo yanayomzoesha mtoto wa mbwa mambo ya dunia, na Tomi aliyapitisha mgongoni kwa nduguye.

Mwenzangu mmoja wa bwenini hanikubali. Ati kwao walilea wawili wa tumbo moja na wote ni hodari. Nilipomwuliza zaidi, kumbe kila mbwa alikuwa na mtoto wake wa kumtunza, na mmoja alilala uani, mwingine dukani! Basi hao hawakulelewa pamoja. Nami sisemi watoto wa mbwa wasikae na ndugu zao kabisa. Mpaka majuma manane wanawahitaji sana, kwani katika kucheza ndiko mmoja hujifunza ya kuwa aking'ata kwa nguvu mwenzake hulia na mchezo huvunjika. Baada ya hapo wanahitaji mtu, na mtu huyo lazima awe na saa za kutosha kwa kila mmoja. Kazi ya wawili ni mara mbili, si nusu kama tulivyodhani. Asiyekuwa na saa hizo na achukue mmoja, amlee mwaka mzima, ndipo amtafute wa pili.

Mjomba wangu wa Same ameahidiwa watoto wawili wa mbwa mmoja, naye amekwisha jenga banda, moja tu. Nimemwandikia barua achukue mmoja. Bado hajanijibu.