Kompyuta ikijiandikia programu, nani anasahihisha mtihani?

Cheki nganya za Buruburu, namba 58. Vijana tunapanda yenye muziki na michoro, mwenye gari anaona imejaa, ile ijayo anaongeza skrini. Breki haziko kwenye mtihani wetu.

Uprogramu wa kijenetiki uko hivyo. Kompyuta inatunga programu nyingi kiholela, inazipa alama, zilizopita zinabadilishana vipande, kizazi hadi kizazi. (Niliacha chuo kabla ya somo hili, nimejisomea tu.) John Koza aliuvumisha kwa kitabu chake cha 1992. Mwaka 2006 NASA ilirusha satelaiti za ST5 na antena iliyozaliwa kwa mageuzi kama haya. Inakaa waya uliokanyagwa, lakini ilifanya kazi.

Shida bado zipo. Programu hunenepa, zinajaa vipande visivyosaidia chochote, na watafiti wana nadharia kadhaa za sababu bila kukubaliana. Nyingine zinakariri mtihani, zikipewa swali jipya zinaanguka.

Mimi linaloniuma ni alama. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, wakiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi na MIT, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu. Tuseme mtu aiachie mashine data hiyo ipange njia upya. Akipima faida pekee, gari la saa kumi alfajiri la mama wa Kayole anayewahi Gikomba linafutwa mapema sana. Akipima muda wa kungoja, huenda likabaki. Mashine haitauliza. Na sisi wenyewe hapa stage hatujawahi kukubaliana nauli ya siku ya mvua iwe ngapi.