Historia Isiyo na Daftari
Wiki hii nimemwona kijana mwandishi wa programu akiikodolea macho skrini, akisubiri Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, imwambie nani aligusa faili moja tu kwenye hazina ya miaka mingi. Nilimhurumia: Git ilikuwa ikilinganisha kila badiliko na lililolitangulia. Ghala lisilo na daftari hupekuliwa kwa kupapasa. Na daftari lipo! Tangu toleo la 2.27 la mwaka 2020, Git inaweza kuweka daftari la vichujio vilivyobuniwa na Burton Bloom mwaka 1970. Vikisema faili haikuguswa katika badiliko fulani, ni hakika, Git inaliruka. Vikisema huenda, ndipo inachungulia. Kuwaacha mafundi wasubiri hivyo kila siku ni uzembe wa viongozi wao. Liandikeni daftari hilo leo kwa amri hii: git commit-graph write --reachable --changed-paths.