Kwa Wenzetu Wanaotaka Kusoma Sheria

Barua zatujia kutoka Mbeya na Iringa, na nyingine kutoka Tukuyu na Mafinga, na nyingi zauliza neno moja: je, karani aliye kazini aiache meza yake akasome sheria? Hatuwezi kumjibu kila mwandishi peke yake, basi twajibu hapa kwa wote. Elimu ya sheria ni elimu ya heshima, nasi hatumzuii mtu kuitafuta. Lakini tumeona ya kuwa karibu wote wanaotuandikia wauliza habari za mlango wa kwanza, yaani chuo kikuu, na wachache mno wauliza habari za mlango wa pili. Na huo wa pili ndio uliowaangusha watu wengi.

Tamaa hii ya makarani haikuanza jana. Zamani za ukoloni karani wa baraza na mkalimani ndio walioishika kalamu hukumu ilipotolewa, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za wenyeji. Watu walitujia sisi, nasi tulijua mengi kwa kusikia. Shule ya Mzumbe ilipofunguliwa mwaka 1953 iliwafundisha machifu, madiwani na watumishi wa serikali za wenyeji. Lakini mtu wa Tanganyika aliyetaka shahada ya sheria ilimpasa kwenda ng'ambo, mpaka Oktoba 1961. Mwaka huo chuo kikuu kilianza katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria, kwa darasa la wanafunzi wasiofika kumi na tano.

Leo mambo ni mengine kabisa. Shahada ya sheria yafundishwa Chuo Kikuu cha Iringa, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha kilichopo mji uo huo. Yafundishwa Mbeya na ile ile Mzumbe, ambayo sasa ni chuo kikuu chenye ndaki yake huku kwetu. Na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa kwa mtu asiyeweza kuacha kazi. Miaka ni mitatu au minne, kwa kadiri ya chuo. Kabla ya kulipa ada yapasa kuitazama orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu ya mwaka ule ule, kwani mwaka 1917 si 2017: siku hizi chuo chaweza kuwa na majengo mazuri na kibali kikasitishwa. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo kadhaa nchini kupokea wanafunzi wapya.

Sasa twaingia katika jambo lenyewe. Mwenye shahada ya sheria si wakili. Zamani alikwenda kujifunza kazi chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akatahiniwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 2008. Ni moja tu kwa Tanzania Bara, nayo ipo Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Mafunzo yake ni ya mwaka mmoja, sehemu darasani, na sehemu katika mahakama na ofisi za sheria. Asiyepita hapo haandikwi katika daftari la mawakili. Na mtu akiyasoma matangazo ya kazi za mawakili wa serikali na mahakimu wakazi, ataona ya kuwa cheti cha taasisi hiyo chatakiwa humo pia.

Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya mkupuo mmoja wa taasisi hiyo yalitangazwa, nchi nzima ikashtuka. Wanafunzi walikuwa 633. Waliofaulu mitihani yote ni 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo ni 342, na walioondolewa kabisa ni 265. Waziri wa Katiba na Sheria, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya kuchunguza, chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyepata kuwa mbunge wa Kyela, mtu wa huku kwetu. Maneno yalikuwa mengi siku zile. Wengine walisema taasisi yawaonea wanafunzi. Wengine walisema vyuo vikuu vyatoa shahada kwa watu wasioweza kuandika hati moja ya madai. Sisi twaona kila upande ulikuwa na sehemu yake ya kweli. Lakini karani mwenye watoto wanne hawezi kungoja wakubwa wamalize kubishana. Yampasa ajue ni kitu gani kinachoulizwa kule, apate kujipima kabla hajatumia akiba yake.

Kinachoulizwa ni kazi. Chuo kikuu humwuliza mtu: haki ni nini, na mahakama ilisema nini? Taasisi humpa jalada na kumwambia: mteja wako ni huyu, andika. Na hapa sisi makarani twajidanganya kwa namna ya peke yake. Twadhani kwa kuwa tumekaa masjala miaka kumi, basi jambo hili ni letu. Kwa upande mmoja ni kweli. Karani wa mahakama ajua ya kuwa rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya huletwa ndani ya siku 30, kwa sababu amekwisha kuwaona wazee kutoka Makete na Ludewa wakifika siku ya arobaini na karatasi zao zimefungwa katika kitambaa. Mwanafunzi aliyetoka shuleni moja kwa moja hana picha hiyo machoni.

Lakini mtahini hataishia hapo. Atauliza: siku ya hukumu yenyewe yahesabiwa au haihesabiwi? Mzee yule aliyechelewa, utamfungulia maombi gani, yakiambatana na kiapo cha namna gani, na katika kiapo hicho ni sababu gani itakayokubaliwa na ipi itakayotupwa? Maneno aliyoambiwa na jirani yake, yaweza kuingia katika kiapo? Karani aliyezoea kupiga muhuri tu atakwama papo hapo, maana ajua desturi ya ofisi yake, hajui kanuni iliyoizaa. Tena desturi za masjala nyingine ni mbovu, nazo hubebwa mpaka katika chumba cha mtihani kama kwamba ni sheria. Basi anayetaka kwenda na aanze leo, akiwa bado mezani: kila karatasi inayopita mikononi mwake ajiulize imeletwa kwa kanuni ipi, kisha akaitafute. Kazi hiyo haina ada.

Neno la pili ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulifurahi kama watu wote. Kuna walioelewa ya kuwa Kiingereza kimekwisha kazi. Hawakuelewa vema. Hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka mingi, ambazo ndizo mwanafunzi huzitegemea, zimeandikwa kwa Kiingereza, na vyuo vyetu vyafundisha sheria kwa lugha hiyo. Karani ambaye barua zake zote ni za Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kusikiliza mpira, na ajitazame kwa haki. Asome hukumu moja kila juma, kisha aandike kwa maneno yake nusu ukurasa tu: ugomvi ulikuwa nini, na mahakama iliamua kwa sababu gani. Hukumu hizo zapatikana bure katika mtandao wa TanzLII. Akifanya hivyo mwaka mzima atajijua alipo.

Vitabu pia vina hatari yake. Wako wenzetu wanaouziana vitabu vya sheria vya zamani kwa bei rahisi. Toleo la sheria lililorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimehama. Anayekariri vifungu kutoka kitabu cha kaka yake ajifunza kukosea.

Juu ya fedha hatutataja ada, kwani hubadilika. Aulize chuo chenyewe, na kwa maandishi. Lakini ada si gharama yote. Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni karibu 500. Mtu wa Mbeya aweza kupanda treni ya TAZARA. Wa Iringa hupanda basi. Kuna chumba cha kupanga, kuna chakula, kuna nguo nyeusi na tai, na nyumbani kuna jiko linalotaka kuwaka. Na aliyetakiwa kurudia mtihani huongezewa miezi katika mji ule ule wa gharama. Basi twasema: mtu asiihesabu safari hii kwa mwaka mmoja, aihesabu kwa miwili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutoa mwongozo wake kila mwaka. Ausome mwenyewe, asisimuliwe.

Tena asiondoke kazini kwa ruhusa ya mdomo. Mkuu wa ofisi aliyekuambia nenda tu kijana wangu aweza kuhamishwa kesho, na atakayekuja baada yake ataliona jina lako katika orodha ya watoro. Mtumishi asiyeonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa yuko katika hatari ya kufukuzwa. Barua iombwe mapema, ijibiwe, na nakala yake ikae nyumbani.

Twajua pia ya kuwa si kila mwenye hamu ya sheria ahitaji uwakili. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto chatoa cheti na stashahada ya sheria, na kwa karani wa mahakama asiye na kidato cha sita njia hiyo ni nzuri: humwongezea ujuzi katika kazi aliyo nayo, na stashahada nzuri yaweza kumfungulia chuo kikuu baadaye. Vilevile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwaelekeza watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Tusilotaka kumwona mwanachama wetu akilifanya ni lile la vishoka, wanaokaa karibu na mahakama wakiandika hati za watu kwa fedha hali hawajasajiliwa. Mjane hupoteza shamba lake Rungwe kwa karatasi moja iliyoandikwa vibaya, na kishoka hapatikani tena.

Limebaki jambo moja, nalo latuuma. Wako wenzetu waliokwenda Dar es Salaam na kurudi bila cheti. Wamekaa tena mezani, na wengine hawapendi hata kutajiwa habari zile, kwa kuwa ofisini waliitwa wakili kwa mzaha. Mzaha huo na ukome. Watu hao wameyaona maswali kwa macho yao, na katika wilaya zetu hakuna wajuao zaidi yao ni wapi mtu hukwama. Tumewaomba wawili, mmoja Mbeya na mmoja Iringa, wakae na wanachama wanaojitayarisha, jioni baada ya kazi, wawape hati za kuandika na kuwasahihishia. Wamekubali kwa sharti ya kuwa majina yao yasichapwe hapa. Mwenye kutaka kuhudhuria na apeleke jina lake kwa katibu wa tawi lake kabla ya mwisho wa mwezi, aje na kalamu na karatasi zake.