Wapanda baiskeli wapya wapewe wenzi wa njia



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu jambo linaloonekana dogo lakini linalogusa mifuko na maisha ya wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam, nalo ni kwenda kazini kwa baiskeli.

Mwezi Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi shilingi 600. Tukipiga hesabu kwa kiwango hicho, mfanyakazi anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi kwa siku 24 za kazi hutoa shilingi 28,800 kwa mwezi. Anayelazimika kuunganisha magari mawili hutoa shilingi 57,600. Kwa mlinzi, mfagizi wa ofisi au msaidizi wa dukani, fedha hizo ni unga na maharage ya watoto. Tena umbali wenyewe aghalabu si wa kutisha. Mtu wa kawaida, bila kushindana na yeyote, huenda kwa baiskeli kilomita 12 hivi kwa saa. Hivyo kilomita tano humalizika katika dakika 25, muda ambao wengine wangali kituoni wakigombea mlango wa gari.

Kama mambo ni hayo, kwa nini basi wengi hawathubutu, na wengine hujaribu siku mbili tatu kisha wakaitundika baiskeli ukutani?

Wapo wanaosema kwamba hakuna njia. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Kandokando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za baiskeli pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi mwezi Mei 2016. Leo pikipiki hukatiza humo na bidhaa hupangwa humo, na mpanda baiskeli hubaki akitafuta pa kupita. Njia peke yake, ndugu zangu, haimfanyi mtu aitumie.

Wengine husema kwamba watu hawajui kuendesha. Hapo nakataa. Mji huu umejaa wenzetu waliotoka Shinyanga, Tabora na kwingineko, ambao tangu utoto wamebeba magunia na kina mama kwenye keria kwa masafa marefu ya vumbi. Wakifika Dar es Salaam huiacha baiskeli. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Ama kwa hakika, ndugu hao wanaijua baiskeli. Wasichokijua ni barabara ya mjini, na wala hakuna anayewafundisha.

Barabara hiyo ina elimu yake. Mpanda baiskeli mzoefu anajua kwamba hupiti karibu sana na gari lililoegeshwa, kwani mlango hufunguliwa ghafla. Anajua kwamba hujipenyezi kushoto mwa lori lililosimama kwenye mataa, kwa sababu likikata kona kushoto dereva wake hakuoni. Anajua kwamba daladala ikiwasha taa karibu na kituo itakuchomekea mbele, kwa hiyo breki ziwe tayari. Anajua namna ya kuingia kipilefti bila kusitasita, na anajua uchochoro unaomwepusha na Barabara ya Mandela, ambako malori ya bandarini hupishana mchana na usiku. Mambo haya mtu huyajua kwa kuonyeshwa na mwenzake, au kwa kuanguka.

Ndiyo maana napendekeza kwamba kila anayeanza kwenda kazini kwa baiskeli apewe mwenzi wa njia kwa muda wa wiki mbili. Mwenzi huyo awe mtu mzoefu anayekaa mtaa mmoja naye, au anayefanya kazi jirani. Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, waipite njia yote kwa utulivu na kuchagua mitaa ya ndani inayofaa. Kabla ya kuondoka wakague breki, tairi, kengele, na taa za mbele na nyuma. Wiki ya kwanza mzoefu atangulie, mgeni afuate na kutazama. Wiki ya pili mgeni atangulie, mzoefu awe nyuma akimrekebisha. Baada ya hapo mgeni ataweza kwenda peke yake, na miezi michache baadaye yeye mwenyewe atakuwa mwenzi wa mtu mwingine.

Jambo hili si ndoto. Mradi wetu wa mabasi yaendayo haraka ulijifunza mengi kutoka TransMilenio ya mji wa Bogotá, nchini Colombia, iliyoanza mwaka 2000. Mji huo huo umekuwa na mpango ambao wanafunzi huenda shule kwa baiskeli katika makundi, wakiongozwa na watu wazima kwenye njia zilizochaguliwa. Na tangu mwaka 1974 mji huo hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku za Jumapili, ili wananchi wapite kwa miguu na baiskeli. Kama tulijifunza kwao habari ya mabasi, hatuna sababu ya kuacha hili ambalo gharama yake ni ndogo zaidi.

Kuna atakayeuliza, je, huku si kuwapeleka watu wakagongwe? Swali hilo ni la haki. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Lakini mtafiti wa Marekani, Peter Jacobsen, alionyesha mwaka 2003 kwamba wapanda baiskeli na waenda kwa miguu wakiongezeka mara mbili, hatari kwa kila mmoja wao hupungua kwa karibu theluthi moja. Madereva huzoea kuwaona na kuwategemea barabarani. Anayepita peke yake ndiye aliye hatarini zaidi, na asiyeijua njia huzidi kuwa hatarini.

Kina mama wasisahauliwe. Wengi wao hawazuiwi na magari tu. Huzuiwa pia na maneno ya vijiweni. Mwanamke anayeandamana na mwanamke mwenzake aliyekwisha kuzoea huyapita maneno hayo kwa urahisi zaidi.

Je, nani aanze? Waajiri waanze kwa kuorodhesha wafanyakazi wao wanaokuja kwa baiskeli na kuwaunganisha na wanaotaka kuanza, pamoja na kutenga mahali pa kufungia baiskeli na maji ya kunawa. Ofisi za serikali za mitaa ziweke daftari kama hilo kwa wasio na ajira ya ofisini. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, ushirikishwe katika kuwafundisha wenzi hao.

Hata hivyo, mpango huu usiwe kisingizio cha wajenzi wa barabara kukaa kimya. Kila jozi ya wapanda baiskeli iandike mahali ilipolazimika kushuka na kukokota: penye shimo, penye mfereji usio na mfuniko, penye njia ya baiskeli inayokatika ghafla. Orodha hizo zipelekwe kila mwezi TARURA na TANROADS. Hapo wahusika hawatakuwa na nafasi ya kusema kwamba hawakuambiwa.

Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Badala ya kofia, fulana na hotuba, naomba kila ofisi kubwa ya mji huu iitumie siku hiyo kutafuta wazoefu watano tu na wageni watano. Watakaonufaika kwanza ni wale ambao shilingi 28,800 kwao si fedha ya kuchezea.

Mpanda baiskeli,
Temeke, Dar es Salaam.