Acheni Kumwandikia Mama Mashairi

Kila mwaka Mei ikifika, Jumapili ya pili, sisi wapenda fasihi tunafurika. Siku ya Mama. Kila mtu na shairi lake: mama taa, mama nguzo, miezi tisa, mgongo, maziwa. Vina vimekaa, mizani imetimia. Halafu muulize mshairi mara ya mwisho kumwona huyo mama ilikuwa lini. Anaanza kuhesabu vidole. "Unajua tena, mambo ni mengi. Niko bize."

Sijitoi. Mwaka juzi niliandika beti kumi na mbili kumhusu mama yangu, nikiwa Dar es Salaam, na nikasifiwa sana. Yeye yuko kijijini, wilaya ya Kasulu, na hakuzisoma kwa sababu simu yake ni ya tochi. Nilipompigia alitaka kujua jambo moja tu: maharage yanakaribia kuvunwa, je, nitafika? Sikufika. Nikamtumia hela kwa simu, pamoja na ya kutolea, nikajiona mtoto mwema kabisa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumeufanya muamala kuwa ndiyo ziara. Hela ni muhimu, tusidanganyane, dawa hazinunuliwi kwa mapenzi. Lakini hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, katika ibara ya 29, umetutwisha mambo mawili: kuwaheshimu wazazi wakati wote, na kuwatunza wanapokuwa na shida. La pili linaweza kupita kwenye simu. La kwanza, kwetu Buha, linataka kiuno na viganja. Muha hasalimii huku anapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe hata kama ng'ombe hawapo, na mwenzako anajibu moja baada ya jingine. Salamu hiyo haina namba ya kuitumia.

Utetezi naujua, maana nimeutumia. Umbali. Reli ya kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na hapo Kasulu bado hujafika. Likizo fupi, nauli kali, bosi mkorofi. Sawa. Ila Buha inajua kutengana kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Enzi ya Mwingereza kwetu palifanywa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, na Waha wakawa miongoni mwa waliobebwa kwenda mashambani, Tanga huko na Morogoro. Wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alikuwa namba. Kazi ilihesabiwa kwenye kipande, siku 30, na siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikuhesabiwa. Barua nani angeandika, na nani angeisoma? Mzazi alibaki Kibondo hajui mwanawe yu hai au amezikwa katikati ya mikonge. Wengine walirudi mkataba ulipokwisha. Wengine hawakurudi, na wajukuu zao wako Tanga mpaka leo.

Yule ndiye aliyekuwa bize, jamani. Alikuwa na msimamizi juu ya kichwa chake. Wewe una simu mkononi na basi linaloingia Kasulu kwa lami, na bado unajitetea kana kwamba umeshikiliwa.

Tena wilaya hiyohiyo ina kambi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo waliokimbia vita tangu 1996. Humo wamo watu ambao wazazi wao walibaki ng'ambo ya ziwa, na hawawezi kwenda kuwaona. Sina la kuongeza.

Kwa kuwa hapa tunazungumza vitabu, turudi kwenye utendi tunaoujua wote, wa Mwana Kupona. Tumezoea kubishana juu ya mawaidha yake kwa mke, nani mtumwa na nani malkia. Mimi siku hizi nautazama mwanzo wake tu. Mwaka 1858, mama mgonjwa anamwita binti yake asogee, achukue wino na karatasi. Maana yake binti alikuwepo, umbali wa kuitwa. Angekuwa bize tusingekuwa na utendi. (Leo angetumiwa ujumbe wa sauti, naye angeusikiliza kwa kasi ya mara mbili akiwa kwenye foleni.)

Kuna watakaosema si kila mzazi anastahili. Kweli. Kezilahabi alituonyesha hilo mwaka 1971 katika Rosa Mistika, na Zakaria wa aina ile wapo hata leo. Aliyeumizwa nyumbani simwambii arudi kuinama. Nawasema sisi tuliolelewa vizuri, tusio na jeraha la kujificha nyuma yake.

Mama yangu angefariki leo, keshokutwa ningekuwa Kasulu. Ruhusa ingepatikana. Nauli ingechangwa. Bosi mkorofi angenipa mkono wa pole. Na usiku ule ndani ya basi ningeandika tanzia nzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, nanyi mngelia.

Wazo hilo ndilo lililonipeleka, Juni iliyopita, siku nne. Siku mbili za kwanza hakusema lolote la maana. Alinilisha tu na kunilalamikia wembamba. Siku ya tatu tulikuwa tunachambua maharage uani, simu yangu iko dukani inachajiwa, akaanza kusimulia mwaka 1972, operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika kwao. Alikuwa binti mdogo. Alibeba kuku mmoja kwapani njia nzima, na kuku akataga njiani. Bibi yake aligoma kuondoka kwa sababu ya kaburi la mtoto lililokuwa nyuma ya nyumba. Mara mbili ilinibidi nimkatize nimuulize neno la Kiha nisilolijua, na alinitazama kama mgeni. Miaka yote ya kupigiana simu hakuwahi kunigusia hayo. Kwenye simu husema "sisi wazima", basi.

Nikamuuliza, bibi alibaki na nani? Kiza kilikuwa kinaingia. Akakung'uta kanga, akasema ngoja kwanza nikafungie kuku, tutaendelea kesho. Kesho yake basi liliondoka saa kumi na moja alfajiri, nami nilikuwa ndani yake, nilikuwa na kikao.