Kabla Mheshimiwa Akate Utepe, Mgonjwa Feki Apite Kwanza

Unaijua hiyo siku. Tenti zimesimama, ngoma zinapigwa, mheshimiwa anashuka kwa V8, anakata utepe, picha zinaenda mtandaoni. Hospitali imefunguliwa, makofi! Lakini kuna swali hakuna mtu huuliza hapo: kuna yeyote amewahi kujaribu kuingiza mgonjwa huko ndani?

Mimi hii kitu nilijifunza vibaya. Boy wangu alianguka na nduthi usiku, tukamkimbiza kliniki moja mpya mtaani, rangi bado inanuka. Stretcha ikafika kwa kona ya korido ikakwama. Haipindi! Ikabidi tumbebe na blanketi, mguu umevunjika, anapiga nduru. Kuna msee alichora hiyo korido, mwingine akaijenga, mwingine akaikagua. Hakuna hata mmoja aliwahi kusukuma stretcha hapo.

Na hiyo makosa inaweza kushikwa mapema. Huko Marekani, Children's Hospital Colorado wako na mtindo wao. Kabla wodi mpya ipokee mgonjwa wa kwanza, wanaingiza mwanasesere wa mafunzo, wanaita madaktari na manesi wale wale watafanya kazi hapo, halafu wanaigiza: mtoto ameacha kupumua. Saa inahesabu. Kengele inasikika upande ule mwingine? Mpira wa oksijeni unafika kitandani? Damu ikihitajika, nani anakimbia, na mlango gani umefungwa? Kila kitu ikikwama inaandikwa, wanapima kama inaweza kuua mtu, wanarekebisha. Kule Canada, mkoa wa Alberta pia uko na timu ya kazi kama hiyo.

Sasa usiniambie hiyo ni mambo ya watu wako na doo. Unaweza kuanza hata kabla ukuta usimame: chora chumba sakafuni na selotepu, weka maboksi mahali pa vitanda, sukuma stretcha ya ukweli. Kusogeza boksi ni bure. Kubomoa ukuta ndio noma.

Kutojaribu ndio hutumaliza mfuko. Unakumbuka MES? Mwaka wa 2015 serikali kuu ilianza kukodisha mashine za kisasa za hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa. Seneti ilipochunguza, ripoti ya 2020 ikaonyesha mashine zingine zimekaa tu. Mahali pengine shida ilikuwa stima ama maji, kwingine hakukuwa na mtaalamu wa kuziendesha. Hebu fikiria kila hospitali ingeigiza mgonjwa mmoja tu wa figo kabla mkataba usainiwe. Analala hapa, mashine itakaa hapa, maji yanatoka wapi? Nani anaiwasha? Asubuhi moja ingetosha kujua.

Ukweli ni kwamba maigizo hayaajiri manesi wala hayaleti dawa. Lakini yanaanika wazi nani hayuko na nini imekosekana, wakati bado kuna mtu wa kuulizwa. Na lazima yafanywe na wenyewe, si mabosi: nesi wa usiku, dereva wa ambulensi, msee wa usafi, hata soja wa geti. Soja akikosa ufunguo saa nane usiku, hiyo theatre yako ya mamilioni ni mapambo.

2027 ni uchaguzi, so tegemea utepe mwingi sana. Siku wataleta tenti mtaani kwenu, nenda, kula soda yao, halafu inua mkono uulize: mlijaribu? Nani alisukuma stretcha kutoka geti mpaka theatre, ilichukua dakika ngapi, na stima ilipozimwa nini ilifanyika?

Wakikosa jibu, jua mgonjwa wa majaribio ni wewe.